Idi Iliyopangwa Jumatano

Mbagala, Dar es Salaam

Dada yangu Somoe,

Shikamoo. Pokea hii ya kuandikwa, maana ile ya kwenye simu ilikatika kabla hujaiitikia, nikabaki nasema "haloo, haloo" peke yangu jikoni. Goti lako vipi? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaipaka, au umeiweka kabatini inatazamwa na wageni? Na ufuta je, mvua zimeuacha salama? Shemeji mwambie namsalimia, na mwambie nimesikia kwamba bado anasema mie naongea sana. Sie huku wazima. Mgongo wangu unalalamika asubuhi, ikifika saa nne unanyamaza wenyewe, maana unajua hakuna wa kuusikiliza.

Kabla simu haijakata, na shikamoo yangu bado hujaiitikia, uliniuliza kama ni kweli Salma alisusiwa chakula chake sikukuu ya Idi. Najua aliyekuletea maneno hayo. Simtaji, kumtaja ni kumpa cheo. Mtu wa Temeke ambaye hajawahi kukanyaga jikoni kwetu anajuaje kilichotoka na kilichobaki jikoni kwetu? Lakini kwa kuwa umeshapata miwani, na kwa kuwa kule Mtama mtandao unakuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga, nimeona nikuandikie yote. Tafuta mahali pa kukaa.

Kwanza nikwambie mwanao alipofika. Ukitaja mkate wa kumimina kuanzia Rangi Tatu mpaka Chamazi, watu wanakutajia Salma. Sisemi kwa kuwa ni wangu. Mkate wake unainuka, ukiukata ndani una vitundu kama sega la nyuki, na iliki inanukia mpaka kwa jirani wa tatu. Kuna mama mmoja anatoka Mbezi huko, anapita kwa wauza mikate wote wa njiani, anakuja kuchukua kwetu. Aliyemfundisha Salma ni mie, na mie alinifundisha mama yetu, kwa hiyo sifa hizo na wewe una fungu lako, ingawa wako ulikuwaga unabonyea katikati. Mie na darasa langu la saba nimemzaa mtu anayeajiri. Ana binti wawili wanaomsaidia, ana sufuria zake, ana majiko yake, na ana peji mtandaoni yenye picha yake akiwa kavaa aproni.

Hiyo peji ndiyo iliyotuletea Denis.

Salma alikwenda semina ya wajasiriamali, moja ya zile za kukaa kwenye viti vyenye vitambaa na kupewa maji ya chupa. Akarudi ananiambia, "Mama, kosa letu tunaposti tukikumbuka. Leo tatu, halafu wiki nzima kimya. Inatakiwa zipangwe mapema, mwezi mzima, zinakaa kwenye simu, siku ikifika zinajirusha zenyewe."

Nikamwambia, "Mkate tunaupika leo ukaliwa leo. Wewe unataka kuutangaza mwezi ujao?"

"Ndiyo mpango, mama."

"Wa nani?"

"Kuna kaka anaitwa Denis. Mtaalamu."

Akaja huyo mtaalamu. Dada, ungemwona. Suruali imeishia juu ya kifundo, sijui kitambaa kiliisha au mvua ilikuwa inamtisha. Kiatu cheupe, kwenye tope la Mbagala, mwezi wa Shaabani mvua zimeshaanza. Akaniamkia shikamoo vizuri, hilo nampa, akakaa kwenye kigoda akafungua daftari kubwa lenye mistari na rangi. Akaanza kutusomea. Jumatatu ni siku ya motisha. Jumanne ni siri ya jikoni. Jumatano mteja anasema. Alhamisi sijui nini nyuma ya pazia. Ijumaa ofa.

Nikamuuliza, "Hiyo motisha ya Jumatatu ndiyo nini?"

"Tunaweka maneno ya kuwatia watu moyo, mama. Kwamba amka, pambana, usikate tamaa."

"Mtu ana njaa yake, anatafuta kitumbua, wewe unamwambia apambane. Apambane na nani? Na kitumbua?"

Akacheka. Hakukasirika. Hilo nalo liliniudhi, maana nilisema ili akasirike. Mtu anayelipwa kukaa kwenye kigoda changu na kunipangia siku za wiki, halafu hata kukasirika hawezi. Nilimdharau palepale, na dharau yangu unaijua, ikishakaa haihami.

Siku ya kupiga picha ndiyo kabisa. Eti picha za mwezi mzima zinapigwa siku moja. Salma akabadilisha mitandio mara saba ili ionekane ni siku saba. Asubuhi mwekundu, akaenda chumbani, akarudi na wa kijani, akaenda, akarudi na ule wa maua niliomnunulia Kariakoo. Mkate ule ule, sufuria ile ile, mtu yule yule, mtandio tu ndio unaokwenda na kurudi. Denis akatoa mkobani maua ya plastiki na kikombe cha kahawa kisicho na kahawa, akaviweka kando ya mkate wa kumimina. Nikamuuliza nani kamwambia mkate wa kumimina unaliwa na maua. Akasema unapendeza. Nikamwambia mkate wangu ulipendeza kabla baba yake hajamposa mama yake.

Halafu zamu yangu. "Mama, wewe kaa pale uani, shika kitumbua, uume, halafu ucheke."

"Nicheke na nani?"

"Na kamera, mama."

Nikauma, nikacheka na kamera. Nitakuwa mkweli, picha ilitoka nzuri. Uso wangu bado upo, Dada. Nimeng'ata kitumbua, kanga yangu imetulia, na nyuma yangu ua letu lote linaonekana mpaka kwa jirani. Salma aliiona akasema, "Mama, hii ndiyo ya sikukuu." Ikawekwa ya sikukuu. Chini yake Denis akaandika maneno, na nakunukulia kama yalivyo: "Idi Mubarak! Funga imekwisha, sasa ni kula tu. Sisi tumeshaanza, wewe unangoja nini?"

Ramadhani ikaingia, na posti zikawa zinajirusha. Salma anapepeta mchele huku simu inalia kabatini, watu wanaagiza. Saa tisa, saa kumi za jioni, ndipo zilipokuwa zinatoka nyingi, na watu waliofunga saa hizo unawajua, macho yapo kwenye simu na akili ipo kwenye futari. Kila mtu akawa anamsifu Denis. Mie ndiye niliyemwambia ziwe saa kumi. Yeye alitaka asubuhi. Asubuhi mtu katoka kula daku, ameshiba, umwoneshe mkate wa nini? Hakuna aliyekumbuka kwamba hilo lilikuwa langu, isipokuwa yeye mwenyewe, ambaye alisema mbele ya Salma, "Hili la saa kumi ni la mama." Nikaona anajipendekeza.

Sasa shika hapa, maana ndipo penyewe.

Kuna Bi Tatu, jirani yetu wa nyuma, kiongozi wa kikundi cha akina mama wa madrasa. Mwanamke wa kujaza mlango. Mikate yake mwenyewe ni kama kandambili, ndiyo maana huwa anaagiza. Mwaka huu kikundi chake kiliamua baada ya sala ya Idi wanawake wote wa mtaa wakae pamoja pale uwanja wa madrasa, wale, watoto wapewe zawadi. Bi Tatu akamwagiza Salma mikate ya kumimina sitini. Sitini, Dada. Salma hajawahi kupata oda ya namna hiyo. Na si mikate tu. Wanawake wote wenye arusi na hitima na vikao mtaani kwetu watakuwa wamekaa pale wanakula mkono wake. Siku hiyo moja ilikuwa inatosha kumweka mjini au kumtoa.

Jumanne ilikuwa mfungo ishirini na tisa. Jioni tukasubiri tangazo, wewe unajua ile subira, redio hapa, simu pale, kila mtu ana binamu yake mahali fulani ambaye ameuona. Ikatangazwa mwezi haujaandama. Kesho tunafunga thelathini, Idi Alhamisi. Salma akasema alhamdulillahi, tumepata siku ya ziada, akaloweka mchele wote usiku ule, kilo baada ya kilo, ndoo zimejaa mpaka mlangoni.

Jumatano mchana, adhuhuri imeshatoka, sie tunakuna nazi midomo imekauka. Simu ya Salma ikaanza kulia. Ikalia tena. Salma akafuta mikono, akatazama, akanigeuzia kioo.

"Mama," akasema, "ile posti."

Ilikuwa imejirusha. Jumatano, mchana kweupe, mfungo thelathini, mji mzima unafunga, mie nipo mtandaoni nimeng'ata kitumbua nacheka, na chini imeandikwa sisi tumeshaanza, wewe unangoja nini.

Salma akampigia Denis, Denis akasema anaitoa, na akaitoa. Lakini watu walishaipiga skrinshoti na kuitupa kwenye grupu la akina mama wa madrasa. Salma akanisomea. Mmoja kaandika, "Kumbe ndiyo maana chakula chao kina chumvi sawasawa, wanaonja." Mwingine, "Labda wao wana mwezi wao." Mwingine ambaye deni la vitumbua vyetu bado lipo tumboni mwake kaandika astaghafirullah tatu. Halafu Bi Tatu mwenyewe, neno moja moja kama anahesabu kuni: "Mikate yenu kuleni wenyewe. Si mmeshaanza."

Nimewahi kumwona Salma analia mara mbili tangu awe mtu mzima. Hiyo ya pili ilikuwa baba yake alipofariki. Hakulia Jumatano. Alikaa tu anautazama mchele kwenye ndoo. Mchele uliolowekwa huwezi kuurudisha dukani, na huwezi kuukausha ukawa mchele tena. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, mie nimefunga thelathini zote. Sijala hata moja. Na sasa nitaitwa mla mchana mpaka nitakapokufa."

Hapo nikatia kanga kichwani.

"Unaenda wapi, mama?"

"Kwa hao wenye mwezi. Lete simu."

Nilimkuta Bi Tatu kakaa barazani kwake, wenzake wawili pembeni, wote wamevimba kama unga wenye hamira nyingi. Nikasalimu. Wakaitikia salamu ya Mungu kwa sababu ni ya Mungu, si kwa sababu yangu.

"Mama Salma," akasema Bi Tatu, "umeshashiba?"

"Nimefunga kama wewe."

"Picha inasema vingine."

"Picha ni ya Shaabani. Hawa vijana wanapiga picha mapema, wanazitia kwenye simu, zinatoka zenyewe siku wanayoitaja. Imetoka kabla ya siku yake. Kosa ni la siku, si la mtu."

Mwenzake mmoja akacheka puani. "Simu ikatoe picha yenyewe. Simu ina mikono?"

"Kila mla mchana ana sababu," akasema Bi Tatu. "Mwingine tumbo, mwingine dawa. Wewe umekuja na simu. Hiyo mpya."

Dada, nilikuwa na majibu matatu mdomoni, yote mabaya, na yote ningeyatoa. Nilikumbuka sitini. Nikafungua simu, nikaikuza ile picha kama Salma alivyonifundisha, nikamwekea usoni.

"Bi Tatu. Usinitazame mie. Tazama nyuma yangu, pale kwenye ua. Huyo jogoo ni wa nani?"

Akaisogeza simu, akaisogeza tena. Huyo jogoo mtaa mzima unamjua. Mweupe, shingo haina manyoya, jicho moja limekufa, na alikuwa ana tabia ya kuruka ua na kuja kula pumba zetu.

"Si wangu," akasema. Halafu akasema, "Ni wangu."

"Yuko wapi leo?"

Mwenzake ndiye aliyejibu, hata hakujua anajibu nini: "Si tulimchinja vunja jungu."

"Mlimchinja vunja jungu," nikasema. "Mkamla, na mie mkanipa paja. Siku ya pili tukaanza kufunga. Sasa ama jogoo wenu kafufuka kaja kwangu leo mchana, ama picha hii ni ya kabla ya Ramadhani. Chagueni."

Bi Tatu akaitazama ile picha tena. Halafu tumbo likaanza kutikisika, halafu mabega, akajishika mbavu, akasema, "Mama Salma, utanibatilishia funga yangu kwa kicheko." Na wale wawili nao. Mwanamke mkubwa akicheka baraza nzima inacheka. Nilimsamehe kiasi, si chote.

Palepale akachukua simu akarekodi kwenye grupu, kwa sauti yake ile ya kuitia watoto madrasa: mikate ya Salma iko palepale, picha ni ya zamani, shahidi ni marehemu jogoo wangu, na aliyesema neno akamwombe radhi yule binti. Alhamisi tukatoa mikate sitini, na mitatu juu. Haikubaki hata pembe. Mama mmoja akaagiza ya arusi palepale mkono bado una mafuta. Kwa hiyo huyo wa Temeke mwambie Salma hakususiwa chochote, na kama anataka kuonja ajipange mstari kama wengine.

Hiyo ndiyo habari kama mtaa unavyoijua. Mtaa hauijui yote.

Tulipokuwa bado pale barazani, Salma naye alikuwa ameshafika nyuma yangu, na Denis kaja mbio kutoka alikokuwa, kiatu cheupe kimekuwa chekundu kwa tope. Bi Tatu akafuta machozi ya kicheko akauliza, kwa wema tu, hakuwa na nia mbaya, "Lakini nani aliyewaambia Idi ni Jumatano?"

Nikanyoosha kidole. Nikasema, "Huyu hapa, mtaalamu."

Denis alinitazama. Dada, alinitazama kwa muda wa mtu kumeza mate. Halafu akainamisha kichwa akasema, "Ni kosa langu, mama zangu. Naomba mniwie radhi."

Na jioni ile Salma akamwambia kwa adabu, "Kaka Denis, nashukuru, lakini tuishie hapa." Akasema sawa, dada. Akaniamkia. Akatutakia sikukuu njema, akaenda na maua yake ya plastiki.

Dada, Denis ni Mkristo. Mwezi wetu haujui na hakujifanya anaujua. Siku ile ya kupanga, Shaabani, alifika kwenye Idi kwenye daftari lake akaweka kalamu chini, akaniuliza, "Mama, hii tuiweke lini?" Salma alikuwa ameenda dukani. Nikamwambia Jumatano. Akasema amesikia inategemea mwezi, je tuiache wazi? Nikamwambia, "Kijana, baba yangu ndiye aliyekuwa anauangalia mwezi kijiji kizima. Mie nikihesabu sikosei. Andika Jumatano."

Akaandika. Na Jumatatu, siku moja kabla ya mwezi kuangaliwa, akanipigia simu. Salma alikuwa hapatikani, kapeleka oda Kijichi na chaji imemwishia. "Mama, ile posti ya Idi naomba niisimamishe mpaka litoke tangazo, nitairusha kwa mkono." Nikamwambia nilishakwambia, au unataka nikuchoree. Mara mbili aliniuliza. Mara mbili nilimjibu kama mtoto wa mwangalia mwezi.

Wewe peke yako ndiye ninayeweza kukwambia hili, na wewe unajua kwa nini. Unakumbuka kile kichuguu nyuma ya msikiti, baba anapanda na wazee wenzake, na mie mdogo wenu nikapanda mkorosho nikapiga kelele nimeuona, nimeuona. Nilikuwa sijauona. Nilitaka tu niwe wa kwanza. Watu wakapiga dufu, bibi akafungua chungu, halafu ikajulikana hakuna mwezi, baba akaaibika mbele ya wazee akauliza nani kasema. Ukasema ni wewe. Sikukuu yenyewe ilipofika ukashinda bila kusemeshwa na mtu. Mie nikanyamaza na nikala. Sijawahi kukushukuru, kwa sababu kukushukuru ingebidi niseme.

Nimelibeba la Denis mwezi mzima sasa. Ningelimeza, maana bado namdharau. Suruali yake bado fupi. Motisha ya Jumatatu bado ni upuuzi, na mtu anayeweka maua kwenye chakula hajalelewa karibu na jiko. Lakini tangu aondoke peji ya Salma imekufa kama kijiji kilichohamwa. Nilijitia mie nitapanga, nikanunua daftari, nikaandika vizuri sana: siku za mishahara, wiki ya shule kufunguliwa, msimu wa unyago, siku za mvua kubwa ambazo huku kwetu hata bodaboda hapiti. Kila kitu kimo humo, na mengi Denis hayajui. Lakini daftari halijirushi. Salma anaamka saa tisa kusaga mchele, akimaliza kugawa oda anaanguka na viatu. Posti tatu leo, wiki mbili kimya. Juzi kaniambia, "Mama, nilikuwa nimezoea Denis akumbuke. Sijui alikosaje kitu kidogo vile, mtu makini vile." Alisema hivyo huku anakoroga. Nikajitia natafuta kijiko.

Basi, Dada, kwenye furushi nimeweka kanga jozi mbili, ile yenye nyekundu ni yako na usimpe mtu, mkebe wa iliki, na miwani ya jua ya shemeji, aivae anapokwenda shamba. Nisalimie mama mdogo, mwambie udi wake nimeupata. Nisalimie mjukuu wako yule anayesoma sana, na fundi seremala aliyenitengenezea kigoda, mwambie bado kipo na kimekaliwa na wataalamu. Yule wifi yetu anayekaa karibu na kisima msalimie pia, kidogo.

Furushi na barua anayepeleka stendi kwa kondakta wa basi ni Salma, kesho asubuhi. Na unamjua mwanao, hawezi kuona karatasi yenye maandishi akaipita. Hata gazeti tunalofungia vitumbua analisoma kwanza. Namba ya Denis bado anayo. Akitaka kumpigia, sitaki kuulizwa, ila asije na maua.

Bahasha nimeiandika jina lako, na gundi nimeiacha juu ya meza. Mie siigandishi. Ikikufikia imegandishwa, jua aliyeigandisha ni yeye.

Mdogo wako wa juu ya mkorosho,
Mama Salma